Wima sio pembe mraba, na ulalo sio mlalo

Kuna dhana kadhaa kuhusu mistari na pembe ambazo watu wanazichanganya. Ya kwanza: mistari miwili ikikutana kwa nyuzi 90 basi lazima mmoja uwe wima. Hapana bana. Pembe mraba ni habari ya hiyo mistari yenyewe kwa yenyewe, dunia iko upande gani haiwahusu. Chora herufi L ubaoni halafu uizungushe kidogo, yote inainama, hakuna mstari uliosimama wala uliolala ila pembe ni ileile nyuzi 90. Wima ni mambo ya timazi: funga jiwe kwenye uzi, liache litulie, uzi unavyoning'inia hapo ndo wima. Mlalo, yaani kulala sawasawa bila kuinama upande wowote, utaupata kwa pima maji, kile kifaa cha fundi chenye kiputo cha hewa ndani, kiputo kikikaa katikati. Ndo maana ubao unaweza kuwa bapa kabisa, haujapinda popote, na bado usiwe mlalo.

Tena tukitaka ukali, ule mstari "wima" tunaouchora kwenye daftari lililo mezani sio wima hata kidogo, umelala kama daftari lenyewe, tunauita hivyo kwa mazoea tu (na mi simlaumu mtu kwa hilo).

Hii nyingine ndo naipenda. Watu wanaamini vitu vyote vilivyo wima viko sambamba. Kwa kuta za nyumba sawa, tofauti huwezi kuiona, lakini timazi kila mahali inaelekea chini kama katikati ya dunia, na dunia ni mviringo, kwa hiyo timazi mbili zikiwa mbalimbali zinaachana kadiri unavyopanda juu. Daraja la Humber kule Uingereza, lililofunguliwa 1981, lina minara miwili ya mita 155 hivi, kati yake mita 1,410, kila mnara umesimama wima sawasawa, na bado vichwa vyao vimeachana zaidi kuliko miguu, kwa kama milimita 36. Wima yote miwili, sambamba sio.

Na hiyo sambamba nayo, "mistari isiyokutana" inatosha ukiwa kwenye karatasi tu. Ukiwa chumbani angalia mstari ambapo dari inakutana na ukuta wa mbele, halafu ule ambapo sakafu inakutana na ukuta wa pembeni. Virefushe uwezavyo havikutani ng'o, lakini kimoja kinaenda kulia na kushoto, kingine mbele na nyuma, usambamba uko wapi hapo?

Mwisho ulalo, ambao herufi moja tu inawaponza wengi. Mlalo ni mwelekeo. Ulalo ni mstari unaounga kona mbili za umbo ambazo sio jirani, haijalishi umeelekea wapi. Simamisha mraba kwenye kona yake, ulalo mmoja unakuwa wima na mwingine mlalo, na umbo linabaki mraba hata kama watu watakwambia limekuwa almasi. Pentagoni ina ulalo tano. Pembetatu haina hata mmoja, kila kona ni jirani wa mwenzie.