Gome la homa: tunayoambiana Lamu, na ukweli wake

Nyuma ya nyumba yetu Langoni palikuwa na mwarobaini ulioambuliwa upande mmoja wa shina, kuanzia usawa wa goti mpaka pale mkono wa mtu mzima unapofika. Kila aliyepatwa na homa mtaani alikuja na kisu chake. Bibi yangu alichemsha magome hadi maji yakafanana na chai ya rangi, akanifunika blanketi nijifukize, kisha akanishikisha kikombe. "Nwa, mwanangu. Utungu ndio dawa."

Nilimpenda bibi, na najua alinihurumia kwa moyo wake wote. Lakini neno lile bado linazunguka mitaani, na watoto bado wanaugua. Uchungu siyo dawa.

"Kwinini hutoka kwenye mwarobaini." Hili nalisikia barazani kuliko mengine yote, na ushahidi unaotolewa ni ulimi: vyote viwili vichungu. Kwinini, dawa ya zamani ya malaria, hutoka kwenye gome la sinkona, mti wa milima ya Andes huko Amerika Kusini. Sinkona ni wa ukoo mmoja na mbuni, wakati mwarobaini ni wa ukoo wa mkangazi. Miti hii miwili haina udugu wowote.

Tena hata gome la sinkona lenyewe halikuwa sawa kila mahali. Ulaya ililijua katika karne ya 17, na kwa muda mrefu watu walilisaga na kulinywa na mvinyo, wasijue kipimo walichokunywa kina nguvu kiasi gani. Mwaka 1820, mjini Paris, wanakemia Pelletier na Caventou walifaulu kutenga kwinini peke yake, na tangu hapo dawa ikaweza kupimwa. Ikadhihirika kwamba magome mengine yana kwinini kidogo sana, na mengine yanapita asilimia 10. Mbegu za miti iliyozidi kwa nguvu zilikusanywa Bolivia na mwenyeji wa huko, Manuel Incra Mamani, kwa ajili ya mfanyabiashara Mwingereza Charles Ledger. Mwaka 1865 Waholanzi wakazinunua na kuzipanda Java, kisiwa kilichokuwa koloni lao. Kufikia miaka ya 1930 sehemu kubwa kabisa ya kwinini ya dunia ilitoka kisiwa hicho, na Wajapani walipokiteka mwaka 1942, wakati wa Vita Kuu ya Pili, majeshi ya upande wa pili yakabaki yakihangaika kutafuta dawa. Mamani alifungwa na kupigwa kwa ajili ya mbegu za mti huo, akafa. Jina lililobaki kwenye mti ni la Ledger, na mimi naona huo ni udhalimu.

Na mwarobaini je? Maabara zimeonyesha kwamba baadhi ya viambata vyake huvidhuru vimelea vya malaria ndani ya chupa. Kutoka chupa hadi mwili wa binadamu ni safari nyingine, na haijathibitishwa kwamba sufuria ya magome humponya mgonjwa wa malaria. Mafuta yake ndiyo ya kuogopa zaidi: watoto wachanga waliowahi kunyweshwa walitapika, wakapatwa na degedege, na wengine wakafa. Tafadhali, mama mwenye kichanga asijaribu.

"Mwarobaini ni mti wetu wa asili." Asili yake ni Bara Hindi na Burma. Umezoea pwani yetu vizuri, kama watu wengi waliokuja kwa jahazi.

Waliosoma nao wana dhana yao: kwamba mke wa mtawala wa Kihispania wa Peru, Kontesa wa Chinchón, aliponywa na gome la sinkona, akalipeleka Hispania na kuwagawia maskini. Linnaeus, mtaalamu wa mimea wa Uswidi, aliiamini hadithi hiyo, akaupa mti jina la kontesa mwaka 1742, tena akakosea tahajia. Mke wa kwanza wa mtawala huyo alifariki Hispania kabla mumewe hajaenda Peru. Wa pili alifia Cartagena mwaka 1641, safarini kurudi nyumbani. Wenyeji wa Andes ndio walioujua mti huo kwanza.

Dhana inayoua watu ni moja: kwamba kila homa ni malaria. Cha ajabu ni kwamba gome lenyewe lilishawaonyesha waganga vingine. Mwaka 1712, daktari Francesco Torti wa Modena, Italia, aliandika kwamba homa zinazokuja na kuondoka kwa zamu hutii gome, na nyingine hazitii kabisa. Sisi Lamu tulilipata somo hilo mwaka 2004. Ilikuwa kiangazi, watu wameweka maji ndani kwa siku nyingi, na mbu wenye madoa meupe wakazaliana humo humo majumbani. Takriban robo tatu ya wakazi wa kisiwa waliambukizwa chikungunya, jina linalotokana na Kimakonde, la kitu kilichopinda. Na kweli watu walipinda, viungo vikiwauma hata hatua moja ikawa kazi. Ile ni homa ya virusi, na kwinini haina la kuifanya.

Hapo ndipo aspirini nayo inapodanganya. Chimbuko lake ni gome jingine, la mti wa Ulaya uitwao willow, ambalo kasisi Edward Stone aliliandikia barua Royal Society, chama cha wanasayansi cha Uingereza, mwaka 1763. Aspirini hushusha joto la mwili, lakini kimelea cha malaria hubaki damuni kikiendelea na kazi yake. Na kama homa ni ya dengi, huongeza hatari ya kutokwa damu.

Siku hizi hata kwinini imepisha njia. Kwa malaria kali, tangu mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani linapendekeza sindano ya atesuneti, dawa iliyotokana na majani ya mmea wa Kichina, si gome.

Mwaka jana mpwa wangu alishinda siku mbili na homa. Nilimkuta dada yangu ameshabandika sufuria. Nikamwambia, "Dadangu, zima jiko, twende zahanati." Mtoto akatobolewa kidole, tone moja la damu likawekwa kwenye kipimo, tukangoja kama dakika 20. Ukatokea mstari mmoja tu: hana malaria. Muuguzi akamulika sikio lake la kushoto. Lilikuwa jekundu, limejaa usaha.