“Kubali tu, yaishe”: tunayoambizana Mtwara kuhusu kesi za wizi

Kijana akikamatwa kwa tuhuma ya wizi hapa Mtwara, iwe dukani mjini, ghalani au shambani kwa mtu huko Naliendele, anayewahi kituoni mara nyingi si wakili. Ni mjomba, shemeji au jirani. Wanakuja na uji, shuka na ushauri. Kwa uji na shuka, Mungu awalipe. Ushauri wao ndio unaonitia hofu, kwa sababu nimeusikia mara nyingi kwenye mabenchi ya mahakama na ninajua unakompeleka mtu.

“Kiri kosa, hakimu atakuhurumia, mambo yaishe leo leo”

Hili ndilo baya kuliko yote. Mshtakiwa akikiri, upande wa mashtaka hauna tena kazi ya kuleta mashahidi. Mwendesha mashtaka anasoma maelezo ya tukio, mshtakiwa anaulizwa kama ni ya kweli, akisema ndiyo anatiwa hatiani. Tena mlango wa rufaa unabaki wazi kidogo tu: aliyetiwa hatiani kwa kukiri mwenyewe, kwa kawaida anaweza kulalamikia adhabu, yaani ukubwa wake au uhalali wake, lakini si kule kutiwa hatiani. Mahakama za juu huingilia pale tu inapoonekana kukiri kwenyewe kulikuwa na walakini, kwa mfano maneno yake yalikuwa na utata au hakuelewa alichoshtakiwa.

Kwa hiyo ile dakika ya kusomewa maelezo ina uzito mkubwa. Mwambieni ndugu yenu asikilize neno kwa neno. Kama alichukua magunia mawili na maelezo yanasema matano, aseme. Kama alichukua akiamini ni mali yake, aseme hivyo hivyo: “Nilichukua, lakini nilijua ni zangu.” Jibu la namna hiyo si kukiri wizi, na hakimu anatakiwa kuandika kwamba mshtakiwa amekana. Tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021, Kiswahili ndiyo lugha ya mahakama zetu, kwa hiyo asione haya kuomba arudiwe asipoelewa.

Simwambii aliyeiba kweli adanganye. Kukiri mapema huhesabiwa wakati wa kupanga adhabu, na anayejua alichofanya ana haki ya kuchagua njia hiyo. Ninayemlilia ni yule asiye na kosa anayekiri kwa sababu nauli ya kurudi mahakamani imemshinda.

“Umechukua kitu cha mtu, basi umeiba”

Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, haisemi hivyo. Ili uwe wizi, lazima kuwe na hila: mtu amechukua bila kuwa na dai la haki, akiwa na nia kama ile ya kumnyima mwenye mali moja kwa moja. Sheria hiyohiyo inasema anayechukua mali kwa kuamini kwa moyo mweupe kwamba ana haki nayo, bila nia ya kudhulumu, hana jinai.

Huku kwetu hili si jambo la vitabuni. Wengi tumerithi mashamba kwa upande wa mama. Mjomba anafariki, anaacha mikorosho; mpwa anaokota korosho kama alivyookota miaka yote, watoto wa marehemu wanasema shamba ni la baba yao, kesho yake mpwa yuko mahabusu kwa wizi wa korosho. Au ardhi ni ya huyu na mikorosho aliipanda yule. Huo ni mgogoro wa umiliki. Mahali pake ni baraza la ardhi au kesi ya madai, na mpwa anapaswa kueleza habari ya shamba tangu siku ya kwanza polisi, awataje mashahidi wanaojua nani alikuwa akivuna. Mahakama haimtaki awe sahihi kuhusu umiliki. Inaangalia kama aliamini kwa dhati. Aliyeokota usiku wa manane na kumuuzia mtu wa kangomba, yaani mnunuzi wa korosho wa kichochoroni, kabla hakujapambazuka atapata shida kuaminiwa.

Upande wa pili wa dhana hiyo unawakamata zaidi wauza maduka na makarani: “Nilikopa tu kwenye droo, ningerudisha mwisho wa mwezi.” Ukiazima baiskeli ya mtu kwa nia ya kuirudisha, nia ya kumnyima moja kwa moja haipo. Fedha ni tofauti. Sheria inasema wazi kwamba kuchukua fedha ya mtu ili uitumie upendavyo ni wizi hata kama ulikusudia kuirudisha. Vijana wanaokabidhiwa droo waambiwe hili siku ya kwanza ya kazi.

“Hujavuka mlango wa duka, hujaiba”

Sheria yetu haina kosa la peke yake la kuiba dukani. Ni wizi uleule, na kwa sheria kitu kinahesabika kimechukuliwa pale kinaposogezwa, mlango haumo. Lakini katika duka la kujihudumia mteja amekaribishwa kushika bidhaa, kwa hiyo kuishika si hila. Swali linarudi kwenye nia. Sabuni iliyo mkononi huku mtu anaongea na simu inaeleweka. Iliyofichwa ndani ya nguo inahitaji maelezo. Mama aliyesahau pakiti ya maziwa chini ya mtoto aliyembeba, akalipia vingine vyote, ana utetezi wa kweli, na risiti ya hivyo alivyolipia ni ushahidi wake. Asiitupe.

Kamera nayo haihukumu. Inaonyesha mkono ulichofanya, na anayeileta lazima athibitishe kwamba picha ni halisi na haijaguswa.

Mlinzi anaweza kumkamata mtu aliyemwona akitenda kosa, ila anatakiwa kumfikisha polisi bila kuchelewa. Mwanamke hupekuliwa na mwanamke, kwa staha. Mwenye duka hana mamlaka ya kumtoza mtu bei mara kumi, na kipigo ni kosa la jinai la huyo anayepiga. Mtuhumiwa akifa, waliompiga wanaweza kushtakiwa kwa mauaji ya kukusudia, kosa lisilo na dhamana.

“Umekutwa nacho, huna la kusema”

Unalo. Upande wa mashtaka uonyeshe kwamba kitu kilikutwa kwako, kwamba mlalamikaji amekitambua kuwa chake kwa uhakika, kwamba kiliibwa karibuni, na kwamba ndicho kilichomo kwenye mashtaka. Simu nyeusi kama simu nyeusi nyingine haitoshi. Hapo tena, mshtakiwa anatakiwa kueleza alivyokipata. Hahitaji kuthibitisha, inatosha maelezo yawe ya kuaminika kiasi cha kutia shaka. Ndiyo maana ukinunua simu ya mkononi kwa mtu, andikishianeni, kuwe na shahidi. Bei ya kutupa nayo itaulizwa.

“Rudisha mali, kesi imekufa”

Mali ikirudi, adhabu inaweza kupungua. Kesi ikishafika mahakamani iko chini ya Jamhuri, mlalamikaji hawezi kuifuta kwa kupeana mikono. Kwa mkosaji wa mara ya kwanza na kosa dogo, hakimu anaweza kumwachia kwa masharti, au kumpa huduma kwa jamii pale kifungo kisipozidi miaka 3. Hayo yaombwe, yasisubiriwe.

Dhamana ya polisi haina ada. Wizi wa kawaida una dhamana. Unyang’anyi wa kutumia silaha hauna, na kifungo chake hakipungui miaka 30. Mtuhumiwa asiyepewa dhamana afikishwe mahakamani ndani ya saa 24 au mapema iwezekanavyo. Anapohojiwa ana haki ya kunyamaza, na ya kuomba ndugu au wakili aarifiwe. Asitie sahihi wala dole gumba kwenye maelezo ambayo hajasomewa.

Rufaa kutoka mahakama ya mwanzo ni ndani ya siku 30. Kwa kesi iliyoanzia mahakama ya wilaya, kwenda Mahakama Kuu, ambayo ina kanda yake hapa Mtwara, kusudio litolewe ndani ya siku 10 na rufaa yenyewe ndani ya siku 45. Asiye na fedha za wakili aulizie halmashauri, ofisi ya maendeleo ya jamii, aelekezwe kwa wasaidizi wa kisheria waliosajiliwa chini ya sheria ya mwaka 2017. Huduma yao ni bure. Mjomba akienda huko kwanza, kisha kituoni na uji wake, kijana atasomewa mashtaka akiwa anajua la kujibu.