WSM ya Nashville haikuanzishwa kwa ajili ya kantri
Wapenzi wengi wa muziki wa kantri huamini kwamba WSM, redio ya Nashville nchini Marekani, ilizaliwa kwa ajili ya muziki huo. Sivyo. Ilifunguliwa Oktoba 1925 na kampuni ya bima, National Life, iliyotaka jina lake lifike majumbani, na kwa miongo mingi ilirusha pia bendi za dansi na vipindi vya NBC, mtandao wa redio wa Marekani, huku kantri ikitamba hasa usiku wa Jumamosi, katika kipindi kilichoanza Novemba mwaka huohuo na kuitwa Grand Ole Opry tangu 1927. Miongoni mwa nyota wake wa mwanzo, tena asiyestahili kusahauliwa, alikuwa DeFord Bailey, Mmarekani Mweusi, mpiga hamonika hodari.