Kutoa kifuko cha nyongo kwa matundu madogo

Wagonjwa wenye mawe kwenye kifuko cha nyongo wanaokuja kliniki hapa Tanga wengi wanataka "ule wa matundu", wakiamini ni upasuaji mdogo. Matundu kweli ni madogo, upana wa milimita 5 hadi 12. Kazi ya ndani ni kubwa vilevile, na anayeichukulia kirahisi huja kuumia.

Mgonjwa hupewa nusu kaputi. Tundu la kwanza hupita kitovuni, tumbo hujazwa gesi ya kaboni dayoksaidi ili ukuta wake uinuke, kisha huingizwa kamera na vifaa virefu vyembamba. Daktari hufanya kazi akiangalia skrini. Njia hii si ngeni: Mjerumani Erich Mühe alitoa kifuko cha nyongo hivyo mwaka 1985.

Hatua moja nataka kila mgonjwa aielewe. Kifuko kimeshikana na ini, kina mrija wake mdogo na mshipa wake wa damu. Jirani kabisa unapita mrija mkuu wa nyongo kutoka kwenye ini. Huo ukikatwa kwa bahati mbaya, mgonjwa anaweza kuteseka miaka. Kwa hiyo daktari huondoa mafuta na utando polepole mpaka aone wazi vitu viwili tu vinavyoingia kwenye kifuko. Hapo ndipo huvibana kwa vibanio vidogo na kuvikata. Kifuko hubanduliwa kwenye ini, hutiwa ndani ya mfuko maalumu humohumo tumboni, huvutwa nje kupitia kitovuni.

Asipoona vizuri, pengine kwa sababu ya uvimbe wa muda mrefu au damu, atafungua tumbo kwa mkato wa kawaida. Ndugu wa mgonjwa hulalamika sana likitokea hili. Kwangu mimi, daktari huyo amemtendea haki mgonjwa wenu.

Kwa nini yasitolewe mawe peke yake? Kifuko kilichotengeneza mawe kitatengeneza mengine. Kikiondolewa, ini huendelea kutoa nyongo, ikashuka moja kwa moja kwenye utumbo, na wengi hurudia wali wa nazi baada ya wiki chache. Mawe yasiyouma, kwa kawaida hatuyapasui. Na wale wanaokunywa mafuta ya zeituni na ndimu "kuyatoa": vile vidonge laini vya kijani chooni ni mafuta yenyewe yaliyoganda. Mawe yapo palepale.

Baada ya upasuaji bega la kulia linaweza kuuma siku mbili tatu kwa sababu ya gesi iliyobaki. Msishtuke. Mgonjwa ainuke atembee mapema. Wengi huruhusiwa kesho yake, na kazi nyepesi huanza baada ya wiki 1 au 2, ila kubeba magunia, ndoo za maji au kuvuta nyavu kusubiri mpaka daktari aruhusu. Akina mama na shangazi, nawaomba msimkande tumbo kwa maji ya moto kama mnavyomkanda mzazi. Vidonda hivi vinataka kuwa vikavu.

Akipata homa, macho yakawa ya manjano, akatapika mfululizo au maumivu ya tumbo yakazidi badala ya kupungua, mrudisheni hospitali siku hiyohiyo, hata kama ni usiku. Mliye Pangani au Muheza, anzeni na hospitali iliyo karibu, wao watampa rufaa kwenda Bombo, hospitali ya rufaa ya mkoa hapa Tanga, ikibidi. Tarehe ya kliniki isisubiriwe.