Turubai likishakunjwa: tunavyodhani kuhusu majonzi ya kijijini, na yalivyo

Dhana: Kijijini hakuna anayefiwa peke yake, kwa hiyo msaada wa nini?

Hii ina ukweli nusu. Shangazi yangu wa Muheza alipofiwa na mwanawe, siku tatu za matanga hapakuwa na pa kukanyaga. Wanawake walilala kwenye majamvi, vijana walipasua kuni, chama cha kuzikana kilileta sufuria na mchele, daftari la rambirambi likajaa. Siku ya nne matanga yakaanuliwa. Turubai likakunjwa, viti vikapakiwa kwenye guta. Jioni ile shangazi akasonga ugali wa watu watatu kwa mazoea, akaitazama sahani ya tatu, akaifunika kwa kawa.

Mwezi wa tatu baada ya msiba ndipo alipoanza safari za zahanati: kifua kinabana, usingizi haupo. Akapimwa malaria, akapewa vidonge vya maumivu, akarudi. Hakuna aliyemuuliza kama nyumbani kumetokea msiba.

Kwa hiyo kijiji kinajua sana kuzika. Pengo liko baada ya mazishi, wakati simu za pole zimekatika na aliyefiwa ameanza kusikia "jikaze, kazi ya Mungu haina makosa".

Dhana: Bila daktari wa akili hakuna la kufanya.

Tukingoja kila tarafa ipate daktari wa akili, tutangoja sana. Harare, Zimbabwe, Dk. Dixon Chibanda, yeye mwenyewe daktari wa akili, hakungoja. Mwaka 2006 alianza na kina bibi 14, wahudumu wa afya wa mitaani, akawafundisha kukaa na mtu kwenye benchi nje ya kliniki, kumsikiliza, na kumsaidia achague tatizo moja la kuanza nalo. Hawakutumia neno la kitabuni kama sonona, yaani huzuni nzito isiyoondoka. Walisema *kufungisisa*, Kishona cha kuwaza kupita kiasi, ambayo ndiyo "mawazo" tunayoyataja sisi tukiulizwa tunaumwa nini. Utafiti uliochapishwa 2016 ulionyesha kuwa baada ya miezi 6 waliokaa benchini walikuwa na nafuu kuliko waliopata huduma ya kawaida. Benchi lile lililengwa kwa sonona na wasiwasi, si msiba peke yake, lakini wangapi wenye mawazo hawana kaburi nyuma yake?

Dhana: Mtoto haelewi, mwambie baba amesafiri.

Mtoto anaelewa kwamba watu wananyamaza akiingia. Na aliyeambiwa "amesafiri" hukaa akisubiri basi.

Moshi kwetu na Bungoma, Kenya, watoto 640 wa miaka 7 hadi 13 waliofiwa na mzazi na kubaki na dalili za kiwewe waliingizwa kwenye utafiti, matokeo yakachapishwa 2020. Nusu walihudhuria vikao vya tiba ya mazungumzo kila wiki kwa wiki 12, walezi wao wakishirikishwa, na walioendesha vikao hawakuwa wataalamu wa akili bali watu wa kawaida waliofundishwa na kusimamiwa. Vikao vilipokwisha, maeneo 3 kati ya 4 (mjini na vijijini, kila upande) yalionyesha nafuu kubwa kuliko huduma ya kawaida, Bungoma vijijini ikiwemo. Moshi vijijini tofauti haikuonekana. Nakitaja hiki makusudi, maana wapo wanaobeba mpango mmoja na kuugawa kila kijiji kama mbegu ya msimu.

Dhana: Majonzi yana hatua tano, ukimaliza umepona.

Daktari wa akili Elisabeth Kübler-Ross alizieleza hatua hizo (kukana, hasira, kubembeleza, huzuni, kukubali) mwaka 1969 kutokana na wagonjwa waliokuwa wanakaribia kufa wenyewe. Tumewavika waliofiwa nguo isiyokatwa kwa kipimo chao.

Dhana: Anayelia hadi leo anajidekeza.

Wengi hupata nafuu pole pole bila tiba, mradi wasiachwe. Wachache majonzi huwakalia. Mwongozo wa magonjwa wa Shirika la Afya Duniani ulioanza kutumika 2022 unayatambua majonzi ya muda mrefu pale yanapozidi miezi 6 na kumzuia mtu kuishi, tena yakizidi yanayotarajiwa katika mila na dini yake. Mjane aliye ndani ya eda ya miezi 4 na siku 10 haumwi. Yumo katika utaratibu wake, na utaratibu huo unawapa jamaa sababu ya kupita kumjulia hali.

Dhana: Namba ya simu ya bure itatosha.

Simu ya shangazi anaishika mjukuu, na mtandao unapatikana chini ya mwembe, wapita njia wote wakisikia. Halafu yeye hulia kwa Kibondei.

Chama chao cha kuzikana sasa kimechora safu mpya kwenye daftari: nani atakwenda kwa mfiwa wiki ya pili, nani baada ya arobaini, nani mwezi wa sita. Safu ya wiki ya pili imejaa. Ya mwezi wa sita ina majina mawili, moja la shangazi.