Saratani ya matiti haiji kwa upande wa mama tu

Jamani hii ya kwamba saratani ya matiti inarithiwa kwa mama tu imekaa muda mrefu sana hapa Dar, unamsikia dada saluni Sinza anasema shangazi zangu wawili waliugua ila mi niko poa, huo ni upande wa baba. Hapana. Huyo dada ndo anatakiwa akaongee na daktari.

Mwanasayansi Mmarekani Mary-Claire King alianza kuisaka jeni ya saratani ya kurithi miaka ya 70 pale chuo kikuu cha Berkeley, California, wakati huo wengi hawakuamini kabisa kwamba jeni moja inaweza kubeba hatari kubwa hivyo, yeye akakomaa na familia zenye wagonjwa wengi mpaka 1990 akaonyesha jeni hiyo iko kwenye kromosomu ya 17 (kromosomu ni kama kifurushi cha jeni ndani ya seli). Ndo BRCA1 hiyo. Sasa kromosomu ya 17 kila mtu anazo mbili, moja ya baba moja ya mama, kwa hiyo baba mwenye hitilafu kwenye jeni hiyo anaweza kumpa mtoto, wa kike au wa kiume, ni nusu kwa nusu kwa kila mtoto, hata kama yeye mwenyewe hajawahi kuugua.

Ila msipaniki, saratani nyingi za matiti sio za kurithi, za kurithi ni kama asilimia 5 mpaka 10 hivi. We ukienda Ocean Road, hospitali ya saratani hapa Dar, wakikuuliza historia ya familia, taja wote, shangazi, bibi mzaa baba, hata baba mdogo maana wanaume nao wanaugua.