Je, wajua kwa nini kozi za mtandaoni huanzwa na wengi na kumalizwa na wachache?

Mwishoni mwa mwaka 2011 wataalamu wawili, Sebastian Thrun na Peter Norvig, waliifungua kozi yao ya akili mnemba ya Chuo Kikuu cha Stanford kwa mtu yeyote mwenye intaneti, bila ada na bila sharti la cheti cha awali. Walijisajili watu wapatao 160,000, na waliofika mwisho walikuwa takriban 23,000. Mwaka uliofuata MIT, chuo cha teknolojia cha Marekani, ilitoa kozi ya saketi na elektroniki kwa utaratibu wa namna hiyo, wakajisajili karibu watu 155,000 na wakafaulu 7,157. Mwaka huo huo wa 2012 yalianzishwa majukwaa ya kozi za mtandaoni ya Coursera na edX, na tangu hapo hali haijabadilika sana. Mwaka 2019 watafiti Justin Reich na José Ruipérez-Valiente walichapisha katika jarida la Science hesabu ya kozi za MIT na Harvard zilizopitia edX, wakaonyesha kwamba katika mwaka wa masomo wa 2017–2018 waliomaliza walikuwa takriban 3 tu kwa kila washiriki 100.

Wapo wanaolijibu swali hili kwa neno moja, uvivu, lakini jibu hilo halitufikishi popote. Kujisajili katika kozi ya bure ni kubonyeza kitufe tu. Fundi anayetaka kuelewa kanuni moja iliyomtatiza kazini hujisajili, hutazama somo la nne, hupata alichokitafuta na kuondoka zake, na takwimu humhesabu miongoni mwa walioshindwa. Reich alikwisha kuliona hilo mapema: mwaka 2014, katika kozi tisa za Harvard, aliwalinganisha washiriki kwa nia walizozieleza wenyewe mwanzoni, akakuta kwamba kati ya waliokusudia kumaliza, 22 kwa kila 100 walipata cheti, ilhali kati ya waliotaka kupitia masomo juu juu tu walikuwa 6.

Hata hivyo, 22 bado ni idadi ndogo. Watu 78 kati ya 100 waliodhamiria kumaliza hawakumaliza, na hao ndio wanaostahili kuulizwa kilichowasibu.

Mtazame mwanafunzi wa aina hiyo saa tatu usiku. Vyombo vimeoshwa, watoto wamelala, kompyuta imefunguliwa juu ya meza ile ile ya chakula. Mhadhara una dakika ishirini na mbili. Kufikia dakika ya kumi kichwa kimeanza kuinama, anarudisha nyuma kidogo ili asikilize upya, kisha anaamua kwamba ataendelea kesho. Kesho yake kazini kuna hesabu za kufunga mwezi. Wiki ya tatu mtoto anaugua, na somo moja lililolala linakuwa kiporo juu ya kiporo kingine, mpaka siku anapofungua ukurasa wa kozi na kukuta alama nyekundu za mazoezi yaliyopitwa na wakati. Hapo ndipo wengi huacha, na mara nyingi huacha bila kuamua kuacha. Wanaona haya kidogo kuufungua ukurasa ule, basi hawaufungui tena.

Waandaaji wa kozi walijaribu kwanza kutibu tatizo la muda. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2014, uliopitia mamilioni ya vipindi vya kutazama video katika edX, ulionyesha kwamba mtazamaji wa kawaida hakuvuka dakika 6 hivi, hata video iwe ndefu kiasi gani, na ndiyo maana masomo ya siku hizi hukatwa vipande vifupi vifupi. Ufupi unasaidia, ila hauondoi kiporo. Jaribio lingine kubwa, lililochapishwa mwaka 2020 baada ya kuendeshwa kwa miaka miwili na nusu katika kozi karibu 250, liliwataka baadhi ya washiriki waandike mwanzoni mpango wa lini na wapi wangesoma. Walioandika mipango walijitahidi zaidi wiki za kwanza, kisha faida ikafifia, na idadi ya waliomaliza haikuongezeka. Mimi silishangai hilo, kwa sababu mpango wa siku ya kwanza huandikwa na mtu ambaye bado hajafika wiki ya tano.

Kinachoonekana kukosekana zaidi ni mtu wa upande wa pili. Mwaka 1840 Isaac Pitman wa Uingereza alianza kufundisha hati mkato kwa posta: mwanafunzi alinakili kifungu, akakituma, na kikamrudia kimesahihishwa. Njia ilikuwa ya polepole kuliko chochote tunachokitumia leo, lakini kulikuwa na mtu aliyesubiri zoezi lile. Chuo Kikuu Huria cha Uingereza, kilichowapokea wanafunzi wake wa kwanza mwaka 1971 na kufundisha kwa televisheni na redio, nacho kiliwapangia wanafunzi hao wakufunzi wa kuwasahihishia kazi. Kozi huria za 2012 ziliusambaza mhadhara duniani kote, zikamwacha mwanafunzi asahihishwe na mashine au na wenzake asiowafahamu.

Ada nayo ina nafasi yake. Katika hesabu ile ya Science, waliolipia cheti walimaliza kwa kiwango cha 46 kwa kila 100, ingawa ni vigumu kujua kama malipo ndiyo yaliyowasukuma au walilipa kwa kuwa walikuwa wamekwisha kujizatiti. Vyovyote iwavyo, watoaji wameifuata njia hiyo. Mwaka 2014 Georgia Tech, chuo kikuu cha Marekani, ilianzisha shahada nzima ya uzamili ya sayansi ya kompyuta mtandaoni kwa ada ndogo kuliko ile ya darasani, yenye mitihani na tarehe za kukabidhi kazi. Mwaka 2016 edX ilianza kutoa programu zinazoweza kuhesabiwa ndani ya shahada ya uzamili. Na mwaka 2022 Baraza la Umoja wa Ulaya lilipitisha pendekezo la namna ya kuvitambua vyeti vya kozi fupi. Vyeti hivyo vidogo vimeongezeka mno, na thamani yake haiko sawa: kimoja mwajiri hukisoma, kingine hukipita.

Kwa hiyo anayechagua kozi leo ana maswali machache ya kuuliza kabla ya kujisajili: inaanza tarehe gani, nani anasahihisha, inadai saa ngapi kwa wiki, na, swali ambalo wengi hulisahau, je, aliyeachwa nyuma anaruhusiwa kuhamia kundi linalofuata bila kulipa upya na bila kurudia kazi alizokwisha kukabidhi?